Jeli, Spiriti au Pakavu: Kisa cha Kitovu katika Wodi Moja ya Wazazi Mombasa

Jina la kituo, watu na tarehe vimeondolewa, na hesabu za ndani za wodi zimesogezwa ili mahali pasitambulike. Hesabu za tafiti zimeachwa kama zilivyochapishwa.

Usuli

Kituo ni cha umma, na wodi yake ya wazazi hujaa kuliko vitanda vilivyopo. Mama aliyejifungua bila matatizo hutoka baada ya saa 24 akiwa na kitabu cha mama na mtoto, miadi ya kliniki ya wiki ya kwanza au ya pili, na nyingine ya wiki ya sita kwa chanjo. Miadi ya wiki ya sita huhudhuriwa vizuri. Ile ya mwanzo wengi huikosa, kwa sababu mzazi yuko ndani akingoja arobaini, na anayemshika mtoto, kumwogesha na kumtazama kitovu ni nyanya au mkunga wa mtaani.

Wodi hiyo ilikuwa na desturi tatu za kitovu kwa wakati mmoja. Zamu ya asubuhi ilifundisha kupangusa kwa spiriti kila ukibadilisha nepi. Wauguzi wawili waliotoka mafunzoni karibuni walitoa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 7.1 ilipokuwapo stoo. Zamu ya usiku ilisema kitovu kiachwe kikavu, kisiguswe. Hakuna aliyekuwa akizembea, kila mmoja alikuwa akitenda alivyofundishwa katika mwaka wake.

Mtoto wa siku ya sita

Mama mmoja alirudi na mtoto wa siku sita. Ngozi iliyozunguka kitovu ilikuwa nyekundu na usaha ulikuwa ukitoka. Mtoto alikuwa akinyonya, hana homa, hajalegea, kwa hiyo afisa wa kliniki alimtibu kama maambukizi ya mahali pamoja na kumpangia kuonwa tena baada ya siku mbili. Angekuwa na joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, au ameacha kunyonya, angelazwa na kuanzishiwa sindano papo hapo. Alipona.

Alipoulizwa kitovu kilitunzwaje, mama alijibu kwa utulivu kabisa: "Sista wa asubuhi alinambia nipake, wa usiku akanambia nisipake. Nikamuuliza nyanya yake." Nyanya alikuwa amepaka wanja.

Jibu hilo lilifika kwenye kikao cha mafunzo cha wodi juma hilohilo. Muuguzi msimamizi hakutaka kutoa amri ya siku hiyo. Aliwapa watu watatu wiki tatu walete jibu lenye ushahidi: mkunga mkongwe wa zamu ya asubuhi, muuguzi mmoja kati ya wale waliotoka mafunzoni, na mfamasia wa kituo. Kumchagua mkunga mkongwe, mtetezi wa spiriti, kulikuwa uamuzi wa maana kuliko ulivyoonekana wakati huo.

Swali la kwanza lilikuwa bovu

Kundi lilianza na swali hili: "Je, klorheksidini ni nzuri kwa kitovu?" Swali la namna hiyo halina jibu, kwa kuwa halisemi ni nzuri kwa mtoto gani, ikilinganishwa na nini, wala kwa kipimo kipi. Walipolitafuta hivyo kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, walipata mamia ya makala, na kila mmoja akachagua iliyompendeza.

Waliliandika upya kwa sehemu nne ambazo kila muuguzi anayesoma utafiti anapaswa kuzijua: kundi, hatua, mlinganisho na matokeo. Kwa watoto waliozaliwa kituoni na kurudi nyumbani ndani ya siku mbili (kundi), je, kupaka jeli kila siku kwa siku saba (hatua), badala ya kuacha kitovu kisafi na kikavu (mlinganisho), kunapunguza maambukizi ya kitovu na vifo vya siku 28 za mwanzo (matokeo)?

Sasa utafutaji ulikuwa na mipaka. Walikubaliana kuanza na mapitio ya kimfumo, yaani kazi inayokusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima kwa kanuni iliyowekwa mapema, kisha kutafuta majaribio yaliyotoka baada ya mapitio hayo. Hatua hii ya pili ndiyo iliyogeuza mambo, na wengi huiruka.

Walichokipata

Mapitio ya kimfumo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za afya, ya 2015 yalionyesha kwamba klorheksidini katika mazingira ya jamii ilipunguza maambukizi ya kitovu kwa takribani nusu na vifo kwa asilimia 12. Kwa waliozaliwa hospitali, faida ya vifo haikuonekana. Majaribio makubwa yaliyobeba matokeo ya jamii yalitoka Asia Kusini: Nepal 2006, Bangladesh na Pakistani 2012. Yote yalifanyika vijijini, ambako wengi walizaliwa nyumbani.

Muuguzi wa mafunzoni alikuwa na slaidi yenye maneno "Nepal: vifo vilipungua kwa asilimia 24". Mfamasia aliifungua makala yenyewe. Uwiano wa hatari, yaani hatari ya kifo kwa waliopakwa ikigawanywa kwa ya wasiopakwa (1 ni kwamba hakuna tofauti), ulikuwa 0.76, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 yalikuwa 0.55 hadi 1.04. Maana yake ni kwamba makisio bora ni upungufu wa asilimia 24, lakini takwimu hizohizo zinakubaliana na upungufu wa asilimia 45, na pia na ongezeko dogo la asilimia 4. Masafa yakiivuka 1, huwezi kuapa kwamba tofauti ipo. Kwa watoto walioanza kupakwa ndani ya saa 24 uwiano ulikuwa 0.66, masafa 0.46 hadi 0.95, na hapo 1 haimo. Slaidi haikudanganya. Ilikata tu nusu ya sentensi, na ndivyo ushahidi unavyoharibika njiani mara nyingi.

Bangladesh ilileta fumbo lake. Vifo vilikuwa 22.5 kwa kila watoto 1000 waliopakwa mara moja tu, 26.6 kwa waliopakwa siku saba, na 28.3 kwa walioachwa wakavu. Kama dawa ndiyo inayookoa, mbona dozi moja iishinde saba? Huenda ni bahati ya namba. Kwa vyovyote, tofauti ya 28.3 na 22.5 ni watoto takribani 6 kwa 1000, yaani unawapaka kama 170 ili kuokoa mmoja. Mtu akisikia "asilimia 20" haoni hesabu hiyo.

Kisha yakaja majaribio mawili ya 2016, yote Afrika, yote yakiwa kwenye jarida lisilotoza msomaji hata shilingi. La Zambia, Mkoa wa Kusini, lilipata vifo 15.2 kwa 1000 katika kundi la klorheksidini na 13.6 katika kundi la pakavu, uwiano 1.12, masafa 0.88 hadi 1.44. La pili lilifanyika Pemba kwa watoto 36,911: vifo 10.5 dhidi ya 11.7 kwa 1000, uwiano 0.90, masafa 0.74 hadi 1.09. Hakuna hata moja lililoonyesha kwamba klorheksidini inapunguza vifo. Mapitio ya 2015 hayakuweza kuyajumuisha, kwa kuwa yalikuwa hayajachapishwa.

Pemba iliwagusa wote watatu. Lugha ni ileile, chakula kilekile, na joto lake la pwani halina tofauti na la Mombasa. Mkunga mkongwe aliitazama ramani iliyo kwenye makala akauliza, "Sasa tutasema na huku ni Nepal?"

Tofauti ya Asia na Afrika ina maelezo yanayoeleweka. Pale vifo vya watoto wachanga vinapokuwa juu na uzazi wa nyumbani ni mwingi, dawa ya kuua vijidudu ina nafasi kubwa ya kuokoa. Vifo vikishashuka, vinavyobaki vingi ni vya kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na hivyo jeli ya kitovu haivigusi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliweka vifo vya watoto wachanga Kenya kuwa 21 kwa kila 1000.

Shirika la Afya Duniani nalo limebadilika kwa mwendo huohuo. Mwaka 2014 lilipendekeza klorheksidini kwa wazaliwa wa nyumbani pale vifo vinapofika 30 au zaidi kwa 1000. Mwaka 2022 likasema kitovu kiwe kisafi na kikavu, na klorheksidini itumike tu mahali ambapo kupaka vitu vyenye madhara kwenye kitovu ni jambo la kawaida. Kuhusu spiriti, kundi halikupata mwongozo wowote wa sasa unaoipendekeza.

Swali likageuka

Mwongozo wa 2022 uliwarudisha mtaani. Je, hapa kupaka vitu vyenye madhara ni kawaida? Hilo jarida haliwezi kujibu.

Muuguzi aliuliza mama 40 kwenye kliniki ya chanjo ya wiki ya sita: "Je, ulipaka chochote kwenye kitovu?" Kumi na saba walisema hapana, 9 spiriti, 8 maziwa ya mama, na 6 wanja au majivu. Sita kati ya 40 ni asilimia 15. Kwa sampuli ndogo namna hiyo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 6 na 30.

Mkunga mkongwe hakuliamini jibu. Hoja yake ilikuwa rahisi: aliyeuliza amevaa sare, anauliza kwenye benchi mbele ya watu, na swali lenyewe linanusa kosa. Tena aliyeulizwa siye aliyepaka. Wahamasishaji wa afya ya jamii wakaombwa kuuliza nyumba 30 wakati wa ziara zao za kawaida, kwa maneno mengine: "Kitovu kilitunzwa na nani, na alitumia nini mpaka kikaanguka?" Safari hii 13 kati ya 30 walitaja wanja, majivu au unga wa dawa za asili. Hiyo ni asilimia 43, masafa takribani 25 hadi 63.

Majibu mawili, mtaa mmoja. Nyumba 30 hazikuchaguliwa kwa nasibu, kwa hiyo asilimia 43 nayo isichukuliwe kama kipimo cha Mombasa. Lakini mwelekeo wa kosa la kwanza unajulikana: watu huficha kile wanachodhani muuguzi hakipendi, ni nadra wasingizie kupaka wanja. Na wanja si jambo la kupuuza. Ule wa manga unaweza kuwa na madini ya risasi, achilia mbali kijiti kinachopita jicho hadi jicho.

Uamuzi

Kundi lilipendekeza, na kamati ya dawa ya kituo ikakubali, jeli itolewe kwa kila mtoto kwa miezi mitatu ya majaribio. Sababu iliandikwa wazi kwenye kumbukumbu: si kwa kuwa itapunguza vifo, bali kwa kuwa itampa nyanya kitu cha kupaka mahali pa wanja. Spiriti ikaondolewa kwenye mafunzo siku hiyohiyo. Jeli isipokuwapo, kitovu kiachwe kikavu.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Osha mikono kwa sabuni. Paka ncha, shina na kunjo la ngozi linalozunguka, mara moja kwa siku, siku saba, ya kwanza ikipakwa wodini ndani ya saa chache za kuzaliwa. Usifunge kitambaa. Nepi ikunjwe chini ya kitovu, hasa za plastiki zinazofuga jasho.

Mfamasia aliongeza mawili ambayo wauguzi hawakuyafikiria. La kwanza ni namba kwenye lebo. Jeli ya kitovu huandikwa 7.1 kwa sababu asilimia 7.1 ya klorheksidini diglukoneti hutoa asilimia 4 ya klorheksidini yenyewe. Sabuni ya kunawia mikono ya upasuaji nayo huandikwa "4%", lakini hiyo ni 4 ya chumvi yake, tena imechanganywa na sabuni. Chupa hiyo ilikuwa kwenye sinki la wodi, na muuguzi mmoja alishaitumia kwa kitovu stoo ilipokauka, akidhani ni kitu kimoja.

La pili ni macho. Shirika la Afya Duniani lilishatoa tahadhari baada ya ripoti kutoka nchi kadhaa za Afrika za watoto waliojeruhiwa vibaya macho, wengine hadi upofu, kwa kutiwa klorheksidini badala ya dawa ya macho. Kwenye wodi hii tyubu ya jeli na ya tetrasaiklini, dawa ya macho ya watoto wachanga, zililala kwenye trei moja, zikikaribiana kwa umbo. Zilitenganishwa: tetrasaiklini ikawekwa pamoja na vitamini K, ikapakwa na muuguzi chumba cha kujifungulia na isiende nyumbani kabisa, na jeli ikatiwa kwenye mfuko ulioandikwa KITOVU TU, SI MACHO. Jeli ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na mtoto akimbizwe kituoni.

Mafunzo yalihamishwa hadi saa ya wageni, nyanya akiwapo, naye aliombwa aeleze kwa maneno yake atakavyofanya.

Matokeo

Kwa miezi mitatu watoto 112 walipewa jeli. Simu za siku ya kumi ziliwapata 74. Kati yao 61 walipaka angalau siku tano, 8 walipakwa pia wanja au kitu kingine, na 3 waliripoti wekundu au usaha.

Mwezi wa pili mama mmoja alipiga simu: mtoto ana tongo, je, amtie ile dawa ya mtoto waliyompa? Lebo ndiyo iliyomfanya aulize kwanza. Wodi iligundua kwamba wauguzi walikuwa wakiiita "dawa ya mtoto" wakati wa kufundisha, na jina hilo likapigwa marufuku. Tangu hapo ni "jeli ya kitovu".

Mwezi wa tatu stoo ilikauka kwa wiki mbili. Ndani ya siku chache spiriti ilirudi kwenye zamu moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuuliza swali mara ya pili, mara zote mbili. Swali la maktaba lilipoandikwa kwa sehemu nne liliondoa ubishi wa nani amesoma wapi. Swali la mtaani lilipobadilishwa maneno na muulizaji, lilitoa hali tofauti kabisa. Kundi lingesimama kwenye ile asilimia 15 lingeweza kusema kupaka vitu vyenye madhara si kawaida hapa, likachagua pakavu, na kumwacha nyanya na kijiti chake.

Mkunga mkongwe aliingia kundini akiwa na msimamo na akatoka na mwingine, na alipoieleza zamu yake, ilimsikiliza. Daktari wa nje angetumia slaidi kumi kupata nusu ya hiyo.

Hata hivyo wodi haiwezi kusema kwamba maambukizi yalipungua. Rejista ya zamani haikuwa na safu ya kitovu, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha nacho. Hao 3 kati ya 74 ni asilimia 4, lakini watoto 38 hawakupatikana, na wasiopatikana si kama waliopatikana: hawana simu, au simu ni ya baba aliye kazini, au mama amepelekwa kwao Kwale au Kilifi kulelewa. Kama watano tu kati yao walipata wekundu, kiwango kinapanda kutoka 4 hadi 7 kwa mia. Ripoti ya kwanza ya wodi iliandika "mafanikio ya asilimia 96". Ilibidi irudishwe.

Jambo moja lililojulikana kwenye tafiti halikufika kwa mama: jeli huchelewesha kitovu kuanguka kwa takribani siku moja au mbili. Kati ya wale 8 waliopaka kitu kingine, kadhaa walisema kitovu "kimekataa kuanguka", ndipo nyanya akaongeza wanja. Jeli yenyewe ikawa sababu ya wanja. Kundi lilisoma safu ya vifo na maambukizi, likaruka safu ya siku za kuanguka, kwa kuwa kwa muuguzi siku mbili si kitu. Kwa nyumba inayongoja kitovu kianguke, ni jambo la kuitana.

Kurudi kwa spiriti kuna maelezo mepesi. "Kiachwe kikavu" iliandikwa kwenye kumbukumbu za kamati, haikubandikwa ukutani, na chupa ya spiriti haikuondolewa kwenye toroli. Muuguzi aliyechoka usiku hufuata kilicho mkononi.

Mwisho, suala la jina la kazi. Wodi ilitaka kuwasilisha matokeo kwenye kongamano kama utafiti, na ofisi ya utafiti ikakataa. Kupima huduma yako mwenyewe ili uirekebishe ni uboreshaji wa huduma, na hiyo kituo huidhinisha chenyewe. Ukikusanya taarifa za watu kwa nia ya kuwafundisha wengine nje ya kituo, unahitaji idhini ya kamati ya maadili, leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, na ridhaa ya wanaoulizwa, yote kabla ya kuanza. Zile nyumba 30 ziliulizwa bila ridhaa iliyoandikwa, na idhini hairudi nyuma. Takwimu zilibaki za ndani.

Rejista sasa ina safu tatu mpya: kilichopakwa, nani alipaka, na siku kitovu kilipoanguka. Ya tatu ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi.